Wi-Fi Inayouliza Kwenu ni Wapi

Ukisimama hapa Kamembe ukitazama Bukavu, simu inaweza kukuchanganya: mara inashika mtandao wa Rwanda, mara wa Kongo, na wewe hujasogea hata hatua moja. Mega zinaisha bure. Mawimbi hayajui mpaka, bei ndiyo inaujua.

Kwa wanafunzi, kuna watu walilifikiria jambo hili tangu 2002. Klaas Wierenga wa SURFnet, mtandao wa vyuo vya Uholanzi, alitoa wazo jepesi: mwanafunzi akitembelea chuo kingine, aingie kwenye Wi-Fi ya pale kwa jina na neno la siri la chuo chake mwenyewe. Vyuo vya Uholanzi, Ujerumani, Ufini, Ureno, Kroatia na Uingereza ndivyo vilianza. Desemba 2004 Australia ikaingia, ya kwanza nje ya Ulaya. Wakaiita eduroam, na leo iko katika nchi zaidi ya 100.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inanivutia. Jina lako linaandikwa kama anwani ya barua pepe, na kinachofuata ile alama ya @ kinaonyesha wewe ni wa wapi. Chuo ulichotembelea hakikujui, wala hakisomi neno lako la siri. Kinapeleka swali kwenye seva ya nchi, nayo inalisukuma mpaka chuoni kwenu. Kule wakijibu "huyu ni wetu", unafunguliwa. Ni kama mgeni amepiga hodi kijijini, mwenyeji akatuma mtu kwanza aulize kwao.

Kwetu Afrika kazi ya kwanza ilikuwa kupata intaneti yenyewe. Vyuo vingi vilitegemea setilaiti, kila kimoja kikinunua peke yake kwa bei ya kuumiza. Katika nusu ya pili ya 2005 mitandao ya vyuo ya Rwanda, Kenya, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini ikaungana kuanzisha UbuntuNet Alliance. Eduroam ilifuata baadaye, Kenya kupitia KENET, Uganda kupitia RENU. Hawa wa Uganda nawasifu, maana wameitoa hata nje ya geti la chuo.

Sasa, je, kwenu wasipojibu? Rafiki yangu alikuwa mwaka wa pili Bukavu. Februari 2025 alivuka mto na mkoba mmoja. Hata chuo chake kingekuwa ndani ya eduroam, seva ikizimwa hakuna wa kusema "huyu ni wetu". Na kadi ya ukimbizi haina alama ya @.

Kiziba, kule Karongi, Kepler walipofungua masomo kambini mwaka 2015, mkimbizi alisajiliwa kusomea shahada ya Southern New Hampshire ya Marekani huku bado analala kambini. Alikuwa na chuo cha kumtambua. Ndugu zetu wa mashirika, mkituletea Wi-Fi tunashukuru, lakini neno moja la siri kwa watu mia linabadilishwa wiki ijayo na foleni inaanza upya. Tutafutieni na chuo cha kutuandikisha.

Rafiki yangu alijaza fomu ya chuo juzi. Kwenye nafasi ya barua pepe akaweka ile ya chuo chake cha zamani. Nikamwambia afute, haifanyi kazi tena. Akakataa.