Parokia Iliyonyimwa Shule

Miongoni mwa mapadre waliotoka katika parokia ya mashambani ya Borrisoleigh, kaunti ya Tipperary, Ayalandi, alikuwamo Joseph Shanahan, aliyezaliwa mwaka 1871. Yafaa sisi Walutheri tumtafakari.

Mwaka 1695 Bunge la Waprotestanti lilimkataza Mkatoliki kuendesha shule nchini humo. Watoto wakafundishwa kwa siri, hata nyuma ya vichaka. Sheria ililegezwa mwaka 1782, lakini kumbukumbu yake haikufutika.

Shanahan alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapadirishwa mwaka 1900, akafika kusini mwa Nigeria mwaka 1902. Alipokabidhiwa uongozi wa misheni mwaka 1905, fedha zilizokuwa zikiwakomboa watumwa alizielekeza katika shule za vijijini. Uamuzi huo ulikuwa mzito, maana watumwa walikuwapo bado. Alifariki Nairobi mwaka 1943. Mwaka 1956 mabaki yake yalihamishiwa Onitsha.

Hatuoni ajabu kwamba watu walionyimwa shule walimlea mjenzi wa shule. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba walioinyima walishika Biblia mkononi, kama sisi. Tunapoandaa watumishi, basi, tujiulize ni nani tunaomfungia mlango leo.