Ufuta wa Nachingwea na Ruangwa na Sayansi ya Uzee

Mafuta ya mbegu yakikaa wazi huliwa na hewa. Oksijeni huvamia molekuli ya mafuta na kuivunja, kisha kipande kilichovunjika huivamia molekuli ya jirani. Mlaji huutambua mnyororo huo kwa harufu ya kuchacha na ukali unaokwaruza koo. Wanakemia huuita uoksidishaji. Karanga iliyosagwa huupata mapema. Mafuta ya ufuta huuchelewesha sana. Kwa tofauti hiyo, kilimo cha Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi, kimekutana na utafiti wa uzee wa mwili.

Ufuta ni mbegu ya zamani pwani. Zanzibar ulikamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia, na katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa waliununua huko na Lamu kwa ajili ya viwanda vya sabuni vya Marseille. Zao lililoliweka jina la Nachingwea kwenye ramani ya dunia, hata hivyo, lilikuwa karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ukabuniwa mpango wa kulima karanga kwenye ekari milioni 3.2 za Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini, makao yakiwa Nachingwea. Mji ukajengwa porini, na reli ikatandikwa kutoka pwani. Msitu haukukubali. Mizizi ilivunja majembe ya matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, na mvua haikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36, na reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Kilichobaki ni utafiti. Majaribio ya mbegu za mafuta yaliyoanzia Nachingwea baadaye yalihamia Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, ambako zimetoka aina za ufuta kama Lindi 202 na aina ya karanga iliyopewa jina la Nachingwea 2009. Mkulima mdogo, ambaye wapangaji wa 1946 hawakumhesabu, ndiye aliyeendelea kulima.

Ufuta unamfaa kwa kuwa hauhitaji trekta, lakini una hila yake. Vitumba vya chini hukomaa kabla ya vya juu, na kikikauka kitumba hupasuka na kumwaga mbegu ardhini. Hivyo shina hukatwa majani yakianza kupata manjano. Mashina hufungwa matita, yakasimamishwa wima juani, midomo ya vitumba ikitazama mbingu. Siku ya kupukuta, tita hugeuzwa kichwa chini juu ya turubai na kugongwa kwa fimbo, na mbegu humiminika kama mvua nyembamba. Aliyechelewa wiki moja huwa amewavunia ndege.

Ndani ya mbegu hiyo karibu nusu ya uzito ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayoshambuliwa na oksijeni kwa urahisi. Yangepaswa kuchacha haraka. Kinachoyalinda ni vitamini E pamoja na viambata viitwavyo lignani: sesamini na sesamolini. Ufuta ukikaangwa, sesamolini huzaa sesamoli, kizuizi chenye nguvu cha uoksidishaji.

Aliyeuhusisha uharibifu wa namna hii na uzee ni Denham Harman, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi kama mkemia wa kampuni ya mafuta ya petroli ya Shell kabla ya kusomea udaktari. Mwaka 1956 alichapisha nadharia kwamba mwili huzeeka kwa kuumizwa polepole na radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenza. Mwaka 1972 aliinyooshea kidole mitokondria, mahali seli inapochomea chakula. Mwili una walinzi wake. Wakizidiwa, hali hiyo huitwa msongo wa uoksidishaji. Harman mwenyewe alifikisha miaka 98, jambo lisilothibitisha chochote.

Japani, nchi inayonunua sana ufuta wa Tanzania, ililichukua swali la uzee hadi kwenye mbegu yenyewe. Mwaka 1990 kundi la Mitsuo Namiki na wenzake lilieleza jinsi panya wa aina inayozeeka haraka walivyolishwa ufuta, na dalili za uzee zikapungua. Baadaye ilionekana kwamba lignani huisaidia vitamini E kufanya kazi katika mwili wa panya.

Kutoka panya hadi mtu ni safari ndefu. Mwaka 1994 utafiti wa Finland uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara ulikuta kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, kizuizi kingine cha uoksidishaji, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia huishi zaidi ya miaka 30 maabara, lakini vipimo vya 2006 vilionyesha mwili wake una madhara mengi zaidi ya oksijeni kuliko wa panya wa kawaida. Nadharia ya Harman, ilivyoandikwa mwanzo, haitoshi; na anayeuza mafuta ya ufuta kama dawa ya kurudisha ujana anauza asichonacho.

Ufuta wa Ruangwa na Nachingwea huuzwa kwa mnada kupitia ushirika wa RUNALI, unaoziunganisha wilaya hizo na Liwale. Pale ghalani hukaguliwa unyevu, mchanga na makapi. Sesamoli haina bei.