Kabla ya skini kulikuwa na Marini na Arinoti

Vijana wa Ifakara wakikusanyika na simu zao kucheza Free Fire, ubishi haukosekani: aliyenunua skini, yaani vazi la mhusika au pambo la bunduki, ameshinda kwa uwezo wake au kwa hela yake? Wakubwa huupuuza ubishi huo wakidai ni mambo ya watoto. Hapo wanakosea. Wazee wetu waliwahi kushindana kwa mavazi kwa bidii kubwa kuliko hiyo, na waliumizwa mifuko.

Ngoma yao iliitwa beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na hapa namfuata yeye. Ilianza miaka ya 1890 kwenye pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, kwa sura ya gwaride na bendi za Wazungu, ikafika Tanga na Dar es Salaam kabla ya vita vya 1914. Vita ndivyo vilivyoibeba hadi bara, migongoni mwa askari na wapagazi. Bonde la Kilombero, ilipo Ifakara, halikuwa kando ya vita hivyo: boma la Wajerumani lilikuwa Mahenge, ng'ambo ya mto, na Wabelgiji waliingia katika mji huo Oktoba 9, 1917.

Wachezaji wa beni Tanganyika wakagawanyika pande mbili. Marini walijiona watu wa hadhi: makarani, waliosoma kidogo, waliotaka kuonekana nadhifu kama mabaharia wa manowari. Arinoti walikuwa upande wa walalahoi. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, majenerali wake na makapteni wake, na cheo kilitakiwa kionekane mwilini: kofia, mkanda, nishani, suruali iliyopigwa pasi. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Siku ya mashindano watu walitazama nani anapiga hatua sawasawa, nani ana wimbo unaomchoma mpinzani, nani ameandaa karamu kubwa, na nani amevaa. Vazi lilihesabiwa. Lilikuwa sehemu ya mchezo kama ngoma yenyewe.

Ranger anasisitiza kwamba huko hakukuwa kumwiga Mzungu tu, nami nakubaliana naye kabisa. Ushindani ulikuwa mkongwe kuliko tarumbeta. Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa ikishindana kabla ya bendi kufika. Beni iliwapa silaha mpya za kushindania heshima ileile. Lakini heshima hiyo ilikuwa na bei. Maofisa wa kikoloni na wamisionari walilalamikia gharama za beni, na hata kama walikuwa na sababu zao za kuiogopa, swali la gharama lilikuwa la haki. Mtu wa mshahara mdogo alimaliza fedha yake kwa sare, akatoka uwanjani na sifa na deni.

Beni ikafifia taratibu. Miaka ya 1930 ikaleta klabu za dansi na za mpira. Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka uliofuata, na ushindani wa mavazi ukahamia kwenye rangi za jezi. Inaniuma kwamba kijana wa Kilombero anazijua rangi hizo tangu utotoni, ila Marini na Arinoti hajawahi kuwasikia.

Hata michezo mipya ya video imeshatoa ushahidi kwamba sura ina uzito. Kwenye Call of Duty: Warzone, skini moja ya mhusika aitwaye Roze ilikuwa nyeusi tii kiasi kwamba mchezaji alijibanza kwenye kona yenye giza asionekane. Malalamiko yakazidi, na mwaka 2021 watengenezaji, Raven Software, wakaing'arisha. Free Fire inakwenda mbali zaidi. Nguo za mhusika ni pambo, lakini skini nyingi za bunduki huongeza nguvu ya risasi au kasi ya kufyatua. Hapo mwenye hela ameingia uwanjani akiwa mbele ya mwenzake.

Dawa ipo ndani ya mchezo wenyewe: anayefungua chumba cha mashindano anaweza kuzima nyongeza za bunduki kwenye mipangilio kabla ya mechi kuanza. Waandaaji wa mashindano Ifakara wazizime, kisha kila mtu avae skini anayoitaka.