Mbuki ni Nani?

Muulize Mkenya yeyote: mtu wa Madagascar anaitwaje? Wengi watakwama. Mmadagaska? Hiyo nchi tunaijua kupitia ile katuni ya 2005, ya simba na pundamilia. Na bado Kiswahili kilikuwa na jina lake kitambo sana.

Wazee wa pwani waliiita Bukini. Mtu wa huko ni Mbuki, wakiwa wengi ni Wabuki, na mambo yao ni ya Kibuki. Jina halijapotea kabisa. Kule Mayotte, Kimalagasi kinachozungumzwa hapo kinaitwa Kibushi hadi leo, na Zanzibar kuna ngoma za pepo za kibuki.

Sasa, watu hawapeani majina bila kukutana. Mmalagasi akitaja ng'ombe anasema omby. Kuku ni akoho, mbuzi ni osy. Lugha yao asili yake ni Borneo, mbali huko Asia, lakini mifugo wanaiita kwa maneno yaliyotoka upande wetu wa bahari. Na si kila kukutana kulikuwa kwa heri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kwa mitumbwi wakavamia mji wa Kua, kule Mafia. Watumwa nao walivushwa kwa majahazi kupelekwa Bukini. Kwa hivyo hilo neno limebeba undugu na pia limebeba uchungu.

"Madagascar" je? Hilo tunalo kutoka kwa Marco Polo, karne ya 13, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kisiwa hicho. Wanahistoria wengi wanaona alikichanganya na Mogadishu. Yaani uvumi wa msafiri ndio ulishinda ramani, na jina la majirani likasahaulika.

Je, turudie Wabuki? Mimi nasema hapana, si kwa kumwita mtu. Wenyewe wanajiita Malagasy, na mwaka wa 1958 waliliweka jina hilo kwenye jamhuri yao. Mtu huitwa vile anavyotaka kuitwa, basi tuseme Mmalagasi, Wamalagasi, Kimalagasi.

Lakini Bukini lisifutwe kwa historia yetu. Ukilijua, utaelewa hao si watu wa katuni, ni majirani. Kama una nyanya Lamu au Mombasa, muulize leo kama aliwahi kulisikia, kabla hujachelewa.