Kutoka Sandarusi hadi Gesi: Pwani ya Kilwa katika Zama za Viwanda

Pwani ya Kilwa iliingia katika zama za viwanda kabla mashine yoyote haijaonekana huko. Kilichoiingiza ni sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini na kuchimbwa katika misitu ya pwani, tangu Uzaramo hadi nyuma ya Kilwa. Viwanda vya vanishi vya Marekani na Ulaya viliitaka kwa ajili ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alipofunga mkataba na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilikuja Unguja kuchukua sandarusi na pembe za ndovu, zikashusha marekani, kitambaa cha pamba kilichofumwa huko kwao. Wanunuzi walijua kutenga sandarusi iliyokomaa na chakazi, ile mbichi yenye bei ndogo. Mchimbaji alilipwa kitambaa. Vanishi yenyewe hakuiona.

Bandari ya ukanda huo ilikuwa Kilwa Kivinje. Majahazi yake yalikwenda Unguja kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, yakipita karibu na visiwa vya Songo Songo, ambavyo havifai kuchanganywa na Songo Mnara, kisiwa cha magofu kilichoko kusini zaidi. Shehena kubwa kuliko zote ilikuwa binadamu. Misafara iliwaleta watu kutoka pande za Ziwa Nyasa, na katika karne ya 19 hapakuwa na bandari ya bara iliyopeleka watumwa wengi Unguja kuipita Kivinje. Mwaka 1873 Sultan Barghash alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya nchi kavu.

Meli za moshi nazo zilikuwa zimeanza kubadili biashara. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilileta barua na mizigo Unguja bila kungoja msimu wa upepo. Kivinje haikufaidika sana na mabadiliko hayo. Maji yake ni ya kina kifupi, na yanapokupwa tope hutandaa mbali. Meli kubwa zililazimika kutia nanga nje, mizigo ikabebwa na mashua. Waingereza waliotawala baadaye walihamishia makao ya wilaya Kilwa Masoko, kwenye kina kirefu.

Biashara ya watumwa ilipobanwa, mpira wa mwitu ulishika nafasi yake. Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, na mwaka 1888 John Dunlop akatengeneza tairi la upepo. Mipira ya msituni, mimea itambaayo, ilikatwa na Wangindo, Wamatumbi na majirani zao, utomvu ukafungwa mabonge na kuteremshwa Kilwa na Lindi. Biashara hiyo ilivunjika mwaka 1913, mashamba ya Asia yalipoujaza ulimwengu mpira wa bei rahisi.

Mwaka huohuo wa tairi la Dunlop, mwezi Agosti, kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa pwani kutoka kwa Sultani. Watu wa Kilwa walikataa. Mwezi Septemba waliwaua maofisa wawili wa kampuni, na mji ukabaki mikononi mwao hadi Mei 1890, Hermann Wissmann alipokuja na meli za kivita na mizinga. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kupigana nyuma ya Kilwa mpaka alipokamatwa, akanyongwa Kivinje Novemba 1895. Baada ya hapo waya wa simu ulitandazwa kando ya pwani kutoka Dar es Salaam, na habari iliyokuwa ikichukua siku nyingi ikafika kwa dakika.

Hakuna zao lililoleta maumivu kama pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na serikali ya kikoloni ilitaka kuipata katika koloni lake. Kuanzia mwaka 1902 wilaya za pwani ziliamriwa kulima mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu waliacha mashamba yao wakati wa kupalilia, na ujira wao ulikuwa mdogo mno hata wengine wakaukataa. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Ilikuwa tangazo la vita. Siku chache baadaye wapiganaji waliteremka Samanga, yaani Somanga ya leo, wakaharibu pamba na kuchoma maduka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji ya kugeuza risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Vita vilienea hadi Songea. Tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, wapiganaji walikutana na bombomu, bunduki ya kumimina risasi ambayo Hiram Maxim aliibuni mwaka 1884. Walioua zaidi, hata hivyo, hawakuwa askari bali njaa: Wajerumani walichoma vyakula na mashamba kwa makusudi. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanakadiria hadi 300,000. Kumbukumbu hiyo iliwafikia wanasiasa wa TANU, na Julius Nyerere aliitaja alipodai uhuru uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Reli haikufika Kilwa. Wajerumani walifikiria njia ya kwenda Ziwa Nyasa lakini hawakuijenga, na walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, tani 250 hivi zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kimoja kilichounganishwa kwa mifupa hiyo, chenye kimo cha zaidi ya meta 13, kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kusini ilipata reli baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi uliachwa mwaka 1951 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1974 kampuni ya Kiitalia ya AGIP ilipata gesi asilia Songo Songo, ya kwanza kugunduliwa Tanzania. AGIP iliona hailipi, ikaondoka. Shirika la umma la TPDC liliendelea kuchimba visima, na mpango wa Kilamco wa kugeuza gesi kuwa mbolea Kilwa ulijadiliwa miaka ya 1980 bila kutimia. Miaka thelathini ilipita kabla gesi haijatumika. Mwaka 2004 bomba liliitoa kisiwani chini ya bahari hadi Somanga, kilometa 25 hivi, kisha nchi kavu kilometa zaidi ya 200 hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuzalisha umeme na kuendesha tanuri za saruji za Wazo Hill. Sandarusi, mpira na pamba zilisafirishwa zikiwa ghafi kwenda viwanda vya ng'ambo. Gesi hii huchomwa nchini. Hilo ni badiliko kubwa, ingawa sehemu kubwa ya umeme wake ilikwenda mbali na Kilwa, na baadaye TANESCO ikaweka mtambo mdogo wa gesi Somanga kwa ajili ya wilaya za jirani. Mwaka 2015 bomba jipya la inchi 36 kutoka Mtwara lilikamilika, likapita Somanga na kupokea huko tawi la gesi ya Songo Songo, na gesi ya Mtwara na ya Songo Songo ikaanza kulisha mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam.