Anbu: Neno la Kitamil na Tafsiri Zake za Kiingereza

Majirani kadhaa waliopokea barua zetu za mwaliko wa maadhimisho haya wametuuliza maana ya neno Anbudan, lililoandikwa juu ya sahihi. Wapo pia waumini wenzetu waliouliza kwa nini hekalu ambalo wengi wa wanachama wake ni Wagujarati limefunga barua zake kwa Kitamil. Maswali yote mawili yanastahili jawabu, na jawabu la swali la pili ni ungamo.

Anbudan maana yake ni “pamoja na anbu”. Watamil hufungia barua kwa neno hilo, na huzifungulia kwa Anbulla, yaani “mwenye anbu”. Anayetafsiri kwa Kiingereza huandika “Dear” mwanzoni na “With love” mwishoni. Neno moja likawa mawili. Kamusi huongeza mengine: “affection”, “kindness”, “devotion”. Kila moja ni kweli, lakini hakuna linalotosha peke yake.

Kitabu kinachoheshimiwa kuliko vingi katika Kitamil ni Tirukkural cha Tiruvalluvar, chenye beti 1,330 katika sura 133. Sura ya 8 inahusu anbu. Mwaka 1886 mmisionari G. U. Pope alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza, na hapo akatumia neno “love”. Hakukosea. Hata hivyo, Kiingereza hutumia neno hilohilo kwa mapenzi ya mwanamume na mwanamke, ambayo Tiruvalluvar aliyatengea sehemu nzima ya mwisho, sura ya 109 hadi 133. Anbu aliiweka penginepo: baada ya sura ya watoto na kabla ya sura ya kukirimu wageni. Mpangilio huo wenyewe ni mafundisho. Anbu huzaliwa nyumbani, kisha hutoka mlangoni kumlaki mgeni. Huruma kwa viumbe vyote ina jina jingine, arul, nayo Tiruvalluvar aliieleza kuwa ni mtoto wa anbu.

Katika ibada, Waingereza husema “devotion”. Sekkilar, aliyeandika habari za watakatifu 63 wa Shiva katika karne ya 12, anasimulia juu ya mwindaji Kannappar. Huyu alimletea Mungu nyama, na maji aliyoyabeba kinywani, mambo ambayo yangetutisha sisi tusiokula nyama. Alipoona jicho la sanamu likitoka damu, alilitoa jicho lake akaliweka pale. La pili nalo lilipoanza kutoka damu, Mungu alimzuia mkono. Hakujua kanuni za ibada, lakini anbu yake ilipokelewa.

Mwaka 1990 mtafiti wa Kimarekani, Margaret Trawick, alichapisha kitabu juu ya upendo katika familia moja ya Kitamil alimoishi. Aliona kwamba anbu mara nyingi hufichwa, na kwamba mama hujizuia kumtazama mwanawe kwa pendo la wazi, kwa kuchelea jicho. Sisi Wagujarati, tunaowatia watoto wetu alama nyeusi ya wanja kwa hofu hiyohiyo, tulipaswa kulielewa neno hili mapema.

Hatukulielewa. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa Kitamil, mhasibu, aliiandikia kamati yetu kwa Kiingereza. Aliomba ua wa hekalu kwa asubuhi moja ya Pongal, sikukuu ya mavuno, ili familia chache zipike wali mpya kwa maziwa na sukari guru. Barua ilimalizika kwa “With love”. Sisi wafanyabiashara, tuliozoea “Yours faithfully”, tulicheka. Mmoja wetu aliuliza iwapo mzee anaiposa kamati. Ombi liliahirishwa, wala halikurudi mezani.

Hakuandika tena. Aliendelea kuja kwenye sala ya jioni, akivua viatu vyake kwenye kona ileile na kutusalimu sote. Alifariki kabla hatujajua alichotuandikia. Ni mwaka jana tu, tulipokuwa tukikusanya kumbukumbu za toleo hili, binti yake alipotuonyesha nakala ya barua ile na kutueleza kwamba baba yake alilitafsiri neno la kawaida la adabu. Kwa Kitamil, mtu humwandikia hivyo rafiki anayemheshimu, au hata msomaji asiyemfahamu.

Tungeweza kusema kosa lilikuwa la Kiingereza. Lakini mwaka 1909 Mgujarati mwenzetu, Gandhi, aliitafsiri kwa Kigujarati barua ya Tolstoy kuhusu sheria ya upendo, inayoutaja Kural. Udhuru hatuna. Neno lilitufikia limekwisha tafsiriwa. Tulichokosa ni kumuuliza aliyeliandika.

Januari hii chungu kiliinjikwa uani kwetu kwa mara ya kwanza. Binti yake ndiye aliyewasha moto, na maziwa yalipofurika, kama desturi inavyotaka, watoto wa pande zote walipiga kelele za furaha.

Ndugu waumini na majirani, karibuni katika maadhimisho haya.

Anbudan.