Fimbo ya Mchungaji Mkononi mwa Firauni

Miongoni mwa silaha walizotumia mabeberu kumtawala Mwafrika ni kumnyang'anya historia yake. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Hegel, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1837, aliitenga Misri na Afrika, kisha Afrika iliyobaki akaiweka nje ya historia ya dunia. Kasumba hiyo haiondolewi kwa kupiga kelele, bali kwa kuchunguza mambo yenyewe. Basi tuchunguze kitu kimoja tu: fimbo.

Aliyeona picha ya jeneza la Firauni Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922, ameona mikono miwili iliyopishana kifuani. Mmoja umeshika fimbo fupi yenye kichwa kilichopinda. Wa pili umeshika mjeledi. Fimbo hiyo Wamisri waliiita heka, na katika maandishi yao ya picha, mchoro wake ndio uliotumika kuandika neno "kutawala".

Swali la kwanza: fimbo hii ilitoka wapi? Mwaka 1988 wachimbuaji wa Kijerumani wakiongozwa na Günter Dreyer waligundua huko Abydos, kusini mwa Misri, kaburi la mtawala wa yapata mwaka 3200 K.K., yaani kabla ya ukoo wa kwanza wa Mafirauni. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya namna hiyo, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Na fimbo ya mchungaji haizuki pasipo na mifugo. Zamani hizo za kale Sahara ilipata mvua na kuota majani. Huko Nabta Playa, magharibi ya Mto Nile, wafugaji walizika ng'ombe kwa heshima zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Mvua ilipopungua, watu walihamia bondeni pamoja na mifugo yao. Fimbo ya Firauni ina mizizi katika kazi ya wafugaji hao wa Kiafrika.

Hoja ya Uafrika wa Misri ilitetewa na Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo katika mkutano wa UNESCO mjini Cairo mwaka 1974. Si wote waliokubaliana nao, lakini ripoti ya mkutano ilikiri kuwa wao walijiandaa kuliko wenzao.

Hata hivyo, mwanamapinduzi haishii hapo. Swali la pili ni kubwa zaidi: fimbo hiyo ilishikwa na nani? Mikononi mwa mchungaji ilikuwa zana ya kazi. Kilimo cha mafuriko ya Nile kilipoleta ziada ya nafaka, lilizuka tabaka lililoshika funguo za maghala bila kushika jembe. Tabaka hilo liliichukua zana ya mvuja jasho na kuifanya alama ya enzi. Maandishi ya Misri yaliwafananisha wanadamu na mifugo ya mungu. Ukishamwita mtu ng'ombe, umekwisha jipa haki ya kumswaga. Ndiyo maana mkono wa pili ulishika mjeledi.

Lakini watu si ng'ombe. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, katikati ya karne ya 12 K.K., mafundi waliochonga makaburi ya wafalme walicheleweshewa posho yao ya nafaka. Waliweka zana chini, wakatoka kijijini kwao, wakaenda kuketi penye mahekalu, wakatangaza kuwa wana njaa na kiu. Habari zao ziliandikwa kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa hadi leo mjini Turin, Italia. Huo ni miongoni mwa migomo ya kwanza ya wafanyakazi inayojulikana katika historia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kujivunia Misri ni haki yetu, ila tujue tunajivunia nini. Anayesema "Mafirauni walikuwa Waafrika" na kunyamaza, amesema nusu ya ukweli. Waafrika walikuwa pia waliochunga, waliolima, waliochonga mawe, na walioketi chini kudai haki yao. Kada anayefundisha historia awaanze hao. Fimbo ilikuwa yao kabla haijawa ya mfalme.